Kichwa cha Matofali na Jina la Fanuel Halinga

Mwezi uliopita nimerudisha koti la rangi ya chungwa, filimbi na bendera mbili, nyekundu na kijani. Mkono wangu wa kushoto wenye vidole viwili hawakuuhitaji, nimerudi nao nyumbani. Ndiyo kustaafu kwangu huko. Nina miaka hamsini na tatu, daktari kasema mgongo umekwisha, na mimi nimesema sawa.

Sasa nyie mashanta mnaobaki yadini Tunduma, mkiunga mabehewa na kuyaachanisha mchana kutwa, nawaandikieni haya polepole kwa mkono wangu. Nimesoma hadi darasa la tano. Mkikuta nimekosea mahali, sahihisheni maneno, majina ya watu msiyaguse.

Siku yangu ya kwanza nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimevaa shati jeupe. Nilidhani kazi ya reli ni kazi ya shati jeupe. Waliniweka chini ya mzee Lameck Simkoko, Mnamwanga wa huku huku kwetu, mtu mfupi, sauti yake kama bati linaburutwa. Nikamwona yuko ng'ambo ya njia ya tatu, na mimi kwa heshima nikainua mkono juu, nikampungia. Kichwa cha kushanti, ile injini ya kusogeza mabehewa yadini, kikaanza kuja. Kichwa kizima, na mabehewa saba nyuma yake.

Mzee Simkoko alikisimamisha kwa filimbi, akaja, hakunitukana. Akauliza, "Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Silwimba, wa Chapwa."

"Silwimba wa Chapwa, humu mkono si wa salamu. Mkono ni wa dereva. Ukitaka kunisalimia njoo mpaka hapa unisalimie kwa mdomo. Ukinipungia tena nitaukata huo mkono nikakutundikie shingoni."

Hilo ndilo somo la kwanza, na kama hamjalishika rudini nyumbani. Dereva wa kichwa hasikii kitu, injini inanguruma miguuni pake. Anachojua ni mikono. Mkono ukipigwa upande, simama. Ukiinuliwa juu ukavutwa kwako, njoo. Ndiyo maana mashanta wa zamani mjini tulionekana wenye maringo. Mtu anakupungia kutoka ng'ambo ya barabara ya forodha, wewe unamnyanyulia kidevu tu, mikono iko mfukoni. Ndugu wa mke wangu kule Mlowo walimwambia, "Umeolewa na mtu anayejiona." Miaka ilipita kabla hawajaelewa.

Fanuel Halinga aliajiriwa wiki moja na mimi. Mnyiha wa Mbozi, watoto wa wakulima wa kahawa hao, mrefu, mcheshi, anapenda ugali kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye. Tulipangwa wawili wawili, na mimi na yeye tukawa pea kwa miaka kumi na moja. Mmoja anaingia katikati ya mabehewa kuunga, mwenzake anasimama nje mahali ambapo dereva anamwona na yeye anamwona aliye ndani. Huyo wa nje ndiye macho. Aliye ndani hana macho, ana mikono na imani tu. Tulikuwa tunapokezana, leo mimi ndani, kesho yeye.

Fanuel alikuwa na mtindo wake. Kabla hajaingia ananiangalia usoni, anasema, "Mimi huyo." Na mimi najibu, "Nimekuona." Hata kama tumegombana tangu asubuhi, hayo maneno lazima. Mzee Simkoko aliyasikia akasema ni mchezo wa kitoto, lakini baada ya wiki mbili na yeye akawa anayasema.

Kazi zilikuwa ngumu, sitawadanganya. Kupling, kile kiungio cha behewa na behewa, ina taya la chuma, likiwa limejifunga kabla ya wakati behewa linagonga na kurudi bila kushika, na lazima mtu aingie akalifungue kwa mkono. Wakati wa masika taya linateleza, wakati wa Julai chuma kina baridi kinanata kwenye ngozi. Fungueni taya kwa kusimama pembeni, kiwiliwili kikiwa nje. Vitabu vimeandika hivyo. Watu hawafanyi hivyo. Taya likikwama halifunguki kwa kusimama pembeni, na aliyeandika kitabu hajawahi kuliona likikwama.

Sasa nawaambia habari ya siku ile, na nataja watu.

Fomeni wa yadi alikuwa Gidion Sichone. Mnamjua, ndiye mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Chapwa, mzee anayekalia kiti cha mbele kwenye kila sherehe yenu. Sichone alikuwa na biashara ya chumvi. Chumvi ya Ivuna inakuja kwa gari hadi kwenye ghala letu la mizigo, anaihifadhi humo bila kibali, na wa kuishusha ni sisi, saa za kazi, tumevaa koti la kazi. Hatukulipwa na hatukukataa. Fomeni ndiye anayepanga nani anapata zamu gani, nyie mnaelewa.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Dereva ni Ambele Kaminyoge, sasa marehemu. Kichwa kiko na pua mbele, kibanda cha dereva nyuma, kinasukuma mabehewa matano kwenda kuungana na mengine yaliyosimama kwenye kona ya njia ya nne. Kona inapinda kulia. Zamu ya ndani ilikuwa ya Fanuel. Mabehewa yaligonga, hayakushika. Nikampa Kaminyoge ishara arudi nyuma kidogo, akarudi, akasimama. Fanuel akaniangalia, akasema, "Mimi huyo." Nikasema, "Nimekuona." Akaingia, kwa upande wa kulia.

Kushoto, mbele ya ghala, Sichone alikuwa amesimama na gari la chumvi. Akaita jina langu, nikafanya sijasikia. Akaita tena, "Silwimba! Hili gari linaondoka!" Nikaenda. Nilihesabu kichwani kwamba Fanuel atachukua dakika mbili na mimi nitatumia moja. Nilipofika nusu ya njia Sichone akaona natembea polepole, akainua mkono juu akauvuta, kwa nguvu, mara mbili, njoo, njoo. Fomeni wa yadi. Amevaa koti la chungwa kama letu. Amesimama upande ule ule ambao dereva anatazamia kumwona mtu wa kumpa ishara.

Nikasikia injini imepanda sauti.

Nilikimbia. Nilishika koti la Fanuel kwa mkono wa kushoto. Yaliyobaki sitayaandika, mke wake anaweza kuyasoma.

Nikiwa hospitali Vwawa, siku ya tatu, Sichone alikuja na karatasi. Ilikuwa imeandikwa tayari. Alinisomea yeye mwenyewe, haraka haraka, nikasikia kwamba dereva aliona mkono, na mkono huo ulikuwa wa marehemu, ametoa ishara ya njoo kisha akaingia katikati mwenyewe. Kaminyoge alisema kweli, aliona mkono. Hakusema wa nani, kwa sababu kwa fomeni wake hakuwa na uhakika, na kwa maiti alikuwa na uhakika kwamba haitabisha. Sichone akaniambia, "Ukisema ulikuwa unakuja kwangu, umekiri umeacha nafasi yako. Kazi huna." Nina vidole viwili upande mmoja, watoto wanne. Nikasaini. Kusoma najua, lakini sikuisoma ile karatasi, nikasaini.

Tangu hapo karatasi nyingine ikabandikwa kwenye chumba chetu, ile mnayoijua, "Uzembe wa marehemu F. Halinga, iwe fundisho." Kila shanta mpya anasomewa siku ya kwanza. Na nyie mkaenda mbali zaidi, mkafanya jina la mtu kuwa neno la kazi. Mtu akiingia bila kuangaliana na mwenzake mnamwambia, "We! Usifanye Kihalinga." Nimelisikia miaka kumi na minane. Nilikuwa nafagia yadi na kugeuza njia, na kila mara nilipolisikia niliinamisha kichwa nikaendelea kufagia. Hamkujua. Mliokuja baadaye mlidhani Halinga ni aina ya kosa.

Hapo ndipo kichwa cha matofali kinapoingia.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilivuka kwenda Nakonde, kwenye salaula, yale mauzo ya mitumba ya Wazambia. Nilikuwa natafuta suruali. Mama mmoja alikuwa na gunia la vidude vya plastiki, matofali madogo ya kuchezea watoto yanayonasana, rangi zote zimechanganyika. Juu yake kuna kitabu chembamba kimechorwa treni. Nikakichukua. Si treni. Kichwa cha kushanti. Pua ndefu mbele, kibanda nyuma, magurudumu matatu kila upande yameungwa na fimbo, nyekundu na nyeusi.

Yule mama akanicheka. "Bashikulu, ni za abana hizo!"

Yaani babu, hizo za watoto. Nikamwambia babu ndiye anayenunua. Tulivutana bei hadi akachoka.

Mwalimu jirani yangu aliangalia maneno ya kwenye kitabu akasema ni Kidenmaki, na kichwa chenyewe ni cha reli ya huko. Chetu hakikutoka Denmaki, lakini umbo lilikuwa lile lile, kana kwamba aliyechora alikaa pale yadini kwetu. Na kitabu hakikuwa na haja ya kusomwa. Ni picha tu, hatua kwa hatua, unaonyeshwa tofali lipi linakaa juu ya lipi. Laiti darasa la sita lingekuwa hivyo.

Nilijenga barazani, mchana, kwa vidole saba. Mke wangu alipita na beseni akasimama. "Baba Eliya, umestaafu au umerudi chekechea?"

"Nimerudi kazini."

"Basi kazini kwako pana makelele kama panya kwenye gunia." Lakini jioni alikuwa amekaa pembeni yangu ananichambulia mekundu kutoka kwenye meusi, kwa sababu macho yangu rangi hizo yanazichanganya.

Matofali mengi yalikosekana, kwa hiyo pua yake ina viraka vya bluu na njano. Mota ilikuwemo, na kiboksi cha betri, na kidude cha kubonyeza cha kushika mkononi. Betri ziko ndani ya pua, mota chini ya kibanda, meno ya plastiki yanapeleka mzunguko kwenye gurudumu la katikati, na fimbo za pembeni zinayavuta mengine. Mara ya kwanza nilipobonyeza, kiliguna, kikasogea kidole kimoja, kikakwama. Nikakivunja, nikakijenga, kikakwama. Siku mbili. Nikaanza kuwalaumu Wadenmaki. Siku ya tatu nikakumbuka nimeangalia magurudumu ya kichwa halisi miaka ishirini na tisa bila kuyaona. Fimbo ya kulia na ya kushoto hazisimami sawa. Hii ikiwa juu, ile iko mbele, robo mzunguko imetangulia. Ukizisimamisha sawa zote zinafika mahali pa kukwama kwa pamoja, hakuna ya kuiokoa mwenzake. Mimi nilizisimamisha sawa kwa sababu nilipenda zifanane. Nikageuza upande mmoja robo, nikabonyeza. Kikaenda hadi kwenye miguu ya mke wangu. Akapiga kigelegele, nami nikalia kidogo, nikasema ni vumbi.

Reli za plastiki zilikuwa nne tu, zote za kona. Nilitazama ile kona pale sakafuni. Nikakiweka kichwa juu yake, nikalala kifudifudi, nikaweka jicho nyuma ya kibanda, upande wa kushoto anakokaa dereva. Nikaona pua. Nikaona upande wa kushoto wote. Upande wa kulia, mahali Fanuel alipoingia, sikuona kitu.

Miaka kumi na minane nilijua kwamba mkono ule haukuwa wake, lakini kujua kwangu kulikuwa maneno, na maneno yangu nilishayauza kwa saini. Hiki hakikuwa maneno.

Nilitengeneza mabehewa kwa maboksi ya sabuni. Kwenye gunia kulikuwa na watu wawili wa plastiki, mmoja nikamfanya Fanuel, mwingine Sichone. Siku ya kuniaga, pale chumba cha mashanta, mlikuwepo wengi wenu, soda na maandazi mezani, Sichone kwenye kiti cha mbele kama kawaida. Nikaombwa neno. Nikasema sina neno, nina kitu. Nikapanga kona yangu mezani, mkaanza kucheka, mmoja wenu akasema, "Mzee anahamia Ulaya na treni yake!" Nikamwomba fomeni wenu wa sasa, Bi Tumaini Nzowa, aje aweke jicho kwenye kibanda na ashike kidude cha kubonyeza.

"Wewe ni dereva, Bi Fomeni. Ukiona mkono wa njoo, njoo."

"Sawa, mzee wangu."

Nilimweka Fanuel katikati ya mabehewa upande wa kulia wa kona. Nikainua mkono wa yule mtu wa kushoto, mbele ya boksi nililoandika GHALA. Bi Tumaini akabonyeza. Kichwa kikaenda, maboksi yakagongana, kitu kikaanguka mezani. Hapo akanyanyua uso akaangalia. Akauliza taratibu, "Huyu ni nani?"

"Huyo ni Fanuel Halinga. Mkono wake uliuona?"

"Sikumwona kabisa."

"Na mkono uliouona ulikuwa wa nani?"

Hakuna aliyecheka tena. Nikawageukia wote nikasema, "Wa Gidion Sichone, huyo hapo mwenye soda. Alikuwa anaita mtu wa kushusha chumvi yake."

Sichone akatabasamu. "Silwimba, hayo ni matofali ya watoto."

"Njoo uweke jicho."

"Mwenyewe ulisaini."

"Nilisaini. Njoo uweke jicho."

Hakuja. Alimaliza soda, akasema ana wateja, akaondoka, na nyie mlimpisha mlangoni. Bi Tumaini aliinama tena, akaweka jicho mara ya pili, mara ya tatu. Kisha akaenda ukutani akaibandua ile karatasi, akanipa. Akasema atakayemsikia analitumia jina la mtu yule kama tusi atafagia yadi mwezi mzima. Nilikwenda nyumbani nimeshiba ushindi. Sichone ametajwa, Kaminyoge ametajwa, jina la Fanuel limeshuka ukutani. Nikaona nimemaliza.

Kesho yake nikampelekea mjane wake hiyo karatasi, Mbozi. Mama Neema alikuwa shambani anachuma kahawa. Aliisoma amesimama, akaikunja.

"Shemeji, mama mkwe alikuwa anaulizwa kanisani kama ni kweli mwanawe alijiua kwa uzembe. Miaka sita aliulizwa, mpaka akafa. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua mkono haukuwa wake."

"Nimekuuliza kama ulijua wanamuuliza."

Nikainamisha kichwa kama wakati ule wa kufagia. Akasema, "Jumapili watoto wote watakuwepo. Njoo na hicho kitu chako. Usiwaambie mimi nimekwambia nini, waonyeshe tu."

Jumapili nilipanga kona yangu kwenye meza yao. Neema, yule mkubwa, alikuwa na miaka sita baba yake alipokufa, sasa ni mwalimu. Ndiye aliyeweka jicho, ndiye aliyebonyeza. Alinyanyua uso, akamchukua yule mtu wa plastiki aliyeanguka, akamshika kiganjani kwa muda mrefu. Nikamweleza Sichone, nikamweleza Kaminyoge, nikaeleza chumvi. Nilieleza vizuri, nimezoea sasa.

Akaniangalia. Ana macho ya baba yake yule binti.

"Baba mdogo, mama anasema mlikuwa mnafanya kazi wawili wawili. Mwenzake baba amesimama wapi hapa?"

Mama Neema alikuwa mlangoni.

Nikamwambia watu wa plastiki walikuwa wawili tu. Akasema, "Weka chochote." Nikaingiza mkono kwenye boksi, nikatoa tofali moja la njano lililobaki. Nililishika kwanza pale ambapo nilipaswa kuwa, pembeni ya kona, mahali ambapo dereva angeniona na mimi ningemwona Fanuel. Mkono ulitaka kuliacha pale. Kisha nikalisogeza, polepole, kuvuka njia ya tatu, kuelekea kwenye boksi la ghala, nikaliacha katikati.

"Hapa," nikasema. "Aliniambia anaingia, nikamjibu nimemwona, halafu nikaja hapa. Nimempa mgongo."